Mdomo na Sauti ya Mzee Ildephonse

Bwiza, Bujumbura
Jumapili, 21 Septemba 2003

Dada yangu mpenzi Khadidja,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kigoma, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Fatouma kimekwisha kabisa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Tangu mabomu ya mwezi wa saba yanyamaze, watu wanaoana kila Jumamosi kama wanaogopa kuchelewa, na studio yetu haikosi harusi ya kupiga picha.

Pamoja na barua nimempa Mzee Twalibu kaseti moja ya VHS akuletee. Nakuomba usiiweke kwenye mashine kabla hujamaliza kusoma. Nitakueleza kwa nini.

Mwezi uliopita alikuja studio mama mmoja wa Kinanira, jina lake Concilie. Bintiye aliolewa mwanzoni mwa Julai, na siku tano baada ya harusi bomu lilimkuta mume wa mama huyo, Mzee Ildephonse, akifunga geti la nyumbani. Alikuwa mwalimu. Hawakuwa na picha yake nyingine inayotembea na kusema isipokuwa ile ya harusi, iliyopigwa na mpwa wake aliyetoka Ubelgiji na kamera mpya, ya aina inayorekodi kwenye visahani vidogo badala ya kaseti. Mama Concilie alitaka filamu iwe tayari kwa siku ya kuondoa matanga. Tulikuwa na siku tisa.

Nivumilie nikueleze kazi yenyewe kidogo, maana kosa langu limo humo. Picha za visahani vile zimebanwa sana ili saa nyingi zienee mahali padogo. Kuzitazama ni rahisi, kuzikata ni taabu. Kompyuta yetu ikijaribu kuzikata inachoka, picha inakwama, na sauti inatangulia mdomo. Dawa yake ni kuzigeuza zote kwanza, kuzifungua ziwe za aina ambayo mashine inaipenda, ndipo uanze kukata. Lakini zikifunguliwa zinavimba. Saa moja ya picha inakula gigabaiti kumi na tatu, na Mama Concilie alileta saa mbili. Diski yetu nzima ni arobaini, na nafasi iliyobaki ilikuwa kumi na nane tu.

Bosi wangu Cirimwami, yule wa Uvira, aliniambia nikate hivyohivyo. Alisema watu wa harusi wanatazama nguo na keki, hakuna mtu anayehesabu midomo. Nilimjibu kwamba hii si harusi tena. Akasema basi nifute vitu vyangu nipate nafasi. Vitu vyangu kwenye diski ile vilikuwa kimoja tu, dada. Alikuwa Mama.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nilimpiga picha mwaka mmoja kabla hajafariki, ameketi uani anamenya ndizi na kukusalimu wewe na wajukuu ambao hakuwaona. Dakika arobaini. Nilikuahidi kukutumia, na kila barua ulikuwa unaniuliza. Basi nilikaa mbele ya mashine siku mbili nzima nikifungua na kufunga faili lile, na siku ya tatu nikaanza kukata harusi bila kugeuza chochote.

Filamu ilitoka mbaya. Sehemu za ngoma kosa halikuonekana sana, lakini Mzee Ildephonse aliposimama kutoa hotuba, sauti ilimtangulia, na kadiri alivyoendelea ndivyo ilivyozidi kumkimbia. Niliiona. Nikaimwaga kwenye kaseti, nikaandika jina juu yake vizuri, nikampa mama yule.

Alirudi baada ya matanga. Hakuja kugomba. Aliketi akaniambia kwa upole, “Mutoto wangu, baba anamaliza kusema, halafu ndiyo mudomo unafunguka. Ni televisheni yetu ama?” Nikamwambia hapana, ni kamera ya mpwa wake, zile kamera mpya ndivyo zilivyo. Nilisema hivyo bila hata kumeza mate. Akaniomba kijana yule asijue, kwa sababu alitumia pesa zake nyingi kuinunua na atasikitika. Akasema, “Mi nitamutazama bila sauti. Siku ingine nitafunga macho, nimusikilize.” Akanishukuru, akaenda zake kutafuta basi la Kinanira.

Dada, maneno hayo yalinikaa kifuani. Kesho yake niliunganisha mashine ya VHS, nikamnakili Mama kwenye kaseti uliyopokea, kisha nikamfuta kwenye diski. Kidole kilikataa mara mbili. Halafu nikaingiza visahani vile tena na kuanza kuvigeuza. Umeme ulikatika mara tatu, na kila mara nilianza upya, ikachukua kutoka Jumatano mpaka Ijumaa.

Jumamosi nilipanda Kinanira mwenyewe. Nilimwambia Mama Concilie ukweli wote kabla hajaweka kaseti mpya niliyoikata upya: kwamba kamera ya mpwa wake haina kosa, kwamba mimi ndiye niliyekataa kufungua nafasi, na kwa ajili ya nani. Akaniuliza mama yangu alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia. Akasema, “Ungeniambia tangu mwanzo, Ilyasi, ningengoja. Nilikuwa na haraka ya kwenda wapi?” Akaiweka kaseti mashineni. Tukatazama pamoja. Mzee Ildephonse anamwambia mkwewe asichukue binti moja kwa moja, awe anamrudisha Jumapili kula maharage ya mama yake. Mdomo na sauti vilikuwa pamoja. Mama Concilie alirudisha nyuma akatazama tena, na binti akatoka jikoni akasimama mlangoni na sahani mkononi.

Sasa lako. Utajiuliza kwa nini ilikuwa vigumu hivyo kulifuta faili lile, wakati nilikuandikia kwamba kaseti ya asili ipo salama kwenye sanduku la nguo za Mama. Haipo. Kompyuta ilipofika mwezi wa pili nilimwingiza Mama humo, na mwezi wa tatu kaseti ndogo za kamera zilipokosekana mjini, nilirekodi ubatizo wa watu juu yake. Nilijiambia kwamba nitapata nyingine nimrudishe. Sikupata, na nikakuandikia uongo. Kwa hiyo unayoishika ndiyo yenyewe, hakuna nyingine duniani. Rangi zimefifia na chini kuna mstari unaotetemeka. Mimi nilimwona akiwa safi kabisa, hadi maji ya ndizi vidoleni. Wewe hutamwona hivyo, na sikukuuliza kabla ya kuamua. Sauti yake nimeisikiliza yote. Anakutaja mara kumi na moja.

Nigombeze ukitaka, nitasoma kila neno. Ila itazame kwanza na watoto, na uwaambie yule ni nani.

Msalimie shemeji sana, na majirani wote wanaotufahamu. Cirimwami anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu akulinde, atukutanishe tukiwa hai.

Mdogo wako,
Ilyasi