Siku Niliyomwachia Mwende Simu

Jumatano. Baridi, mawingu hayajaachia tangu asubuhi, na mimi sijielewi.

Leo nimepumzika. Tangu nifungue duka langu la mapazia hapa Dagoretti Corner, sijawahi kuwa na siku ya katikati ya wiki ambayo ni yangu. Kazi ya ofisini niliiacha kwa sababu moja tu: nilichoka kuomba ruhusa. Sasa naiomba kwa kila mtu mwenye dirisha kuanzia Kilimani mpaka Lavington.

Namba iliyoandikwa kwenye bango la duka ni yangu mwenyewe, ile niliyonayo tangu chuo. Nilipoanza biashara sikuona haja ya nyingine. Kwa hiyo jana, ili nipumzike kweli, nilimwachia Mwende simu yenyewe. Mwende ndiye fundi wangu, na mikono yake naiamini kuliko yangu.

"Boss, wewe enda tu," aliniambia. "Na usikuje kuchungulia."

Nikaenda.

Asubuhi nilikuwa na furaha ya mtoto aliyefunga shule. Nikashuka mjini, nikaagiza chai, nikakaa dirishani kama watu wenye nafasi. Chai haikuwa hata imepoa, mkono ulikuwa umeshaanza kupapasa mfuko ukitafuta simu. Nikatoka, nikarudi kwa miguu mpaka Kilimani, na njia nzima macho yakiwa juu kwenye magorofa, natafuta mapazia niliyoshona. Nikaona moja la kijani limening'inia vibaya upande mmoja, nikakasirika pale barabarani peke yangu.

Hapo ndipo nilipojikamata. Kazi sikuwa nimeimisi. Nilitaka kutafutwa. Na nilikuwa nimejipanga mwenyewe nisitafutwe.

Jioni nikarudi dukani. Mwende akanipa simu.

"Wateja wote wako sawa. Halafu mum yako alipiga."

"Ulimwambia niko off?"

"Hakunipea nafasi! Nilisema 'haloo' tu, akaanza kuongea mbio mbio. Ati hatakukawisha, anajua uko na wateja, alitaka tu kujua kama uko poa. Nikamwambia 'sawa, mum'. Akasema asante, akakata." Akacheka. "Si alidhani ni wewe!"

Nikacheka pia. Kisha nikakaa juu ya robota la kitambaa.

Mama anaishi Kikuyu, gari moja tu kutoka hapa dukani. Ndiye aliyenizaa. Na hakutambua kwamba ile sauti si yangu, kwa sababu siku hizi mazungumzo yetu ndiyo hayo: haloo, sawa mama, nitakupigia. Amejifunza kunipigia kama mteja mwenye oda ndogo, anayeogopa kusumbua.

Imeniuma. Sitaki kuipamba.

Nilipofika nyumbani nikampigia.

"Mama, leo niko free. Nataka tu tuongee."

Akauliza kwa sauti ya chini: "Shiru, kwani wewe ni mgonjwa?"

Nikamwambia la, niko mzima.

"Haya basi," akasema. "Niambie."

Huu uhuru niliuacha mshahara kwa ajili yake, na siku nilipoupata, mama yangu akisubiri kwenye simu, sikuwa na hata hadithi moja isiyo ya dukani. Mwisho nikaanza kumweleza kuhusu lile pazia la kijani, jinsi lilivyoning'inia, jinsi nilivyotaka kupanda ngazi za watu nikalinyooshe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kijani gani, cha majani ama cha chupa?" Nikasema cha chupa. Akasema hicho ni kizuri.

Sijui kama nipumzike tena Jumatano ijayo ama niache kujidanganya. Ninachojua ni kwamba kesho nitampigia tena, duka likiwa wazi, wateja wakisubiri.

Nitamwambia nini?