Wimbo Niliourekodi Jikoni

Fundi, rafiki yangu, sina studio, sina meneja, sina hata kipaza sauti. Nilikuwa na wimbo mmoja tu, na leo naambiwa si wangu.

Ule niliourekodi jikoni kwa simu, marehemu mke wangu akiwa hai. Nimeuweka mtandaoni, wenye mtandao wameuondoa. Wanasema nimeiba. Mimi, nimeiba wimbo wangu mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yule kijana wa studio niliyempa ausafishe amejiandikisha yeye kuwa mtunzi.

Nimempigia. Ati, "Babu, nyimbo hufanana. Wewe pumzika."

Nikamwuliza, "Na huyo mwanamke kwenye ubeti wa pili anayesema 'zima jiko kwanza ndipo uimbe', ni mke wako?"

Akasema, "Hiyo sauti nitaikata."

Aikate, Fundi. Amesema ataikata. Tangu hapo sijaweza kukaa kitako.

Wimbo labda ningemwachia. Mke wangu simwachii.

Nimeiandikia ofisi ya hakimiliki, na rekodi yenyewe, ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu ile, nimeitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikaipeleka posta mwenyewe. Karani akauliza ndani mna nini.

Nikamjibu, "Mke wangu."

Akanitazama, akagonga muhuri, ikaondoka.