Msumari wa Kamba ya Nguo

Jumatano, jioni. Mawingu yamejaa juu ya mtaa wa Majengo lakini mvua haitaki kunyesha. Na mimi machozi hayataki kutoka.

Leo nimepoteza kibanda changu. Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba nilionewa.

Natengeneza pawa, misumeno ya injini. Kwenye yadi ya mbao tulikuwa mafundi wawili, mimi na Kibe, na Mzee Abdi mwenye yadi alichoka na kelele zetu. Wiki jana akasema atabaki na mmoja. Kila mtu alete mashine aliyoibadilisha mwenyewe, na atakayetangulia kupasua mbao mbili safi, abaki.

Kusema kweli nilifurahi. Yangu nimeitoboa ekzosi ipumue, halafu vile vijino vifupi vinavyozuia mnyororo usiume kupita kiasi, nimevisugua kwa tupa karibu viishe. Inakula mti vibaya! Kibe injini hajaigusa. Amenoa tu meno upya yafuate nyuzi za mti, na anakata polepole kama mtu anayechagua mchele. Juzi tulizijaribu kwenye saiprasi, nikamwacha mbali, nikamcheka mbele ya wapiga randa wote.

Asubuhi gogo likaletwa, la mti mnene wa mukima. Mzee akasema limetoka kwenye nyumba za zamani zinazobomolewa, na alipotaja ploti, nikalisogelea gogo. Mti huo naujua. Ulikuwa mbele ya mlango wetu. Nikiwa mdogo, Mama aliupigilia msumari wa kamba ya nguo.

Hapa ndipo ninapoona haya.

Gogo lilikatwa vipande viwili, nikaambiwa nichague kwanza kwa sababu mimi ndiye mkongwe. Nikajiambia, mti umerefuka sana tangu zamani zile, basi msumari nao umepanda, uko huko juu. Nikachukua kipande cha chini. Cha juu nikamwachia Kibe, na sikumwambia kitu.

Tukapiga mistari kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu, tukawasha. Mbao ya kwanza nilimaliza Kibe akiwa katikati. Watu wakapiga miluzi. Ya pili sikufika mbali. Mashine ililia, ikaruka, cheche zikatoka, mnyororo ukakatika. Tulipopasua kwa shoka, msumari huo hapo, umemezwa na mti, kwenye kimo kilekile ulichofikia mkono wa Mama.

Kumbe mti hurefukia juu, msumari unabaki chini. Maisha yangu yote nashinda na miti, na sikujua hilo.

Kibe aliendelea na polepole yake mpaka akamaliza. Kisha akaja, akauokota mnyororo wangu.

"Pole, ndugu yangu. Ungeviacha vile vijino, yangeng'oka meno mawili tu, ukanoa ukaendelea."

Hakuwa ananicheka. Afadhali angenicheka. Mzee Abdi naye hakutaka kusikia lolote, alisema maneno ni yaleyale, kesho nitoe vyombo vyangu. Yadi nyingine ya kunipokea siijui. Nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka mifupa.

Nilipofika nyumbani nilimwaga vitu vya mfukoni mezani, na Mama akauona msumari. Akaugeuzageuza karibu na macho.

"Huu si wa kamba yangu? Umeutoa wapi?"

"Ndani ya mti, Mama. Ulikuwa palepale."

"Palepale?" Akacheka, nami sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. "Si niliupigilia sawasawa!"

Ameuosha, ameuweka dirishani kama pambo. Sasa yuko jikoni ananichemshia chai, anaimba. Hajaniuliza bado habari za mashindano, lakini chai ikishaiva ataniuliza tu.

Nitamwambia nini?