Sanduku la Vyumba Vitano

Jumatatu, 5 Februari 2024
Nimeanguka tena mtihani wa kuvua samaki. Mara ya pili! Mimi, Detlef, niliyeendesha lori hadi Istanbul bila ramani! Mke wangu Traudel leseni anayo tangu usichana. Mimi kazi yangu ziwani ni kumshikia ndoo na kummiminia kahawa. Nikigusa fimbo ya kuvulia bila leseni — faini. Amekodi mashua ya watu wawili, Mei mosi, miaka thelathini ya ndoa. Mtihani wa mwisho kabla ya hapo ni Aprili 13. Nikianguka, ndoo tena.

Jumanne, 6 Februari
Traudel kaligawa sanduku la sigara vyumba vitano. Kila swali na kadi yake, jibu nyuma. Ukipata, kadi inasonga mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza, hata kama ilifika cha nne! Cha kwanza nakisoma kila siku, cha pili baada ya siku tatu, cha tatu wiki, cha nne wiki mbili, cha tano mwezi. Kwa nini nisisome zote kila siku? Anasema ubongo ni mvivu kama mimi, mpaka uhofie kusahau ndipo unajituma. Maneno gani hayo kwa mume!

Jumatatu, 12 Februari
Nimeiba. Nimechungulia chumba cha tatu kabla ya siku yake. Zote nimepata! Nikajiita profesa.
"Umemeza supu sasa hivi, unajisifu unakumbuka ladha?" Traudel huyo.
Kaficha sanduku mpaka Ijumaa.

Jumapili, 10 Machi
Balaa. Kadi mia mbili ziko chumba cha tano, nikaenda nazo kutamba klabu ya wavuvi. Lüders, mwenyekiti, akachomoa moja: mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, hutaga wapi?
"B!" nikajibu, kama risasi.
"Na hiyo B iko nchi gani, dereva?"
Nikaigeuza kadi. Kumbe nyuma ya kadi niliandika herufi ya jibu tu, kwa uvivu wa mkono! Na mtihanini majibu huchanganywa upya. Walicheka mpaka bia ikawapalia. Nami nikacheka. Njiani sikucheka. Zimebaki wiki tano.

Jumatatu, 11 Machi
Zote chumba cha kwanza. Majibu kwa maneno kamili, vidole vimekufa ganzi. Traudel kaandika nusu.
"Mzee wangu, huu mwandiko au kuku kapita?"
Supu ya njegere imeungua. Tumeila hivyo hivyo, tukicheka.

Alhamisi, 4 Aprili
Kadi ya mkunga. Wiki mbili sijaiona. Nikafumba macho... hamna kitu... hamna... halafu ikapanda yenyewe: Bahari ya Sargasso! Nikambusu Traudel, na kikombe chake mkononi.

Jumamosi, 13 Aprili
Naandikia mlangoni mwa mtihani. Watu wanameza vitabu kwa pupa. Mimi mikono mitupu! Dada mmoja, macho mekundu, kaniuliza: baba, samaki wanapata hewa zaidi maji ya baridi au ya moto? Baridi, mwanangu. Akaja wa pili. Sasa wamenizunguka saba, nafundisha — mimi niliyeacha shule darasa la nane!
Traudel anapiga kelele kutoka ngazini: "Detlef! Jina lako wameliita mara mbili!"
Nakuja, nakuja — huyu dada bado hajaelewa kwa nini ya baridi —