Ndimu ya Haraka

Jumapili, 12 Januari
Foleni ya magari ya Al Khuwair tena, hapa Maskati. Ofisini, rundo la maelezo ya usalama kwa mafundi wa ujenzi, kutoka Kiingereza kwenda Kihindi. Mashine inatafsiri, mimi naitunza, mwenzangu Sunita anapitia kurasa chache. Kihindi ni lugha yake ya nyumbani. Mashine ikikutana na neno isilolijua, haisemi. Inalikata vipande, kila kipande inakipa maana, inaunga. Uongo mtupu kwa sarufi safi. Nimemwomba tena bosi, Bwana Salim: neno geni libaki kwa Kiingereza, liwekwe alama, Sunita alione. Kakataa. "Mteja akiona Kiingereza katikati ya Kihindi, atasema hatujui kazi."

Jumanne, 14 Januari
Nshasema, nshaandika. Leo Bwana Salim kaniambia nna wasiwasi wa kike, mbele ya watu. Mama kaniuliza mbona napiga milango. Sikumjibu.

Alhamisi, 16 Januari
Sunita kaja mezani kwangu. Fundi mmoja, Ramesh, kwenye jengo la Bustan, kaungua macho. Guniani mlikuwa na chokaa kali, ile inayochemka ikikutana na maji. Kwa Kiingereza jina lake ni maneno mawili yaliyoungana: la kwanza haraka, la pili chokaa. Lakini hilo la pili ni ndimu pia. Karatasi yetu ikasema, kwa Kihindi: ndimu ya haraka. Kadhani ni unga wa kusafishia sakafu. Kamimina maji, kainama kutazama.
Ndimu!
Nimelia garini. Kwa hasira, si huzuni.

Jumapili, 19 Januari
Kikao. Bwana Salim: "Miwani ya kazi alipewa. Hakuvaa. Tutasema hivyo."
Nikamwuliza: "Nani anavaa miwani kwa ajili ya ndimu?"
Nikaizima mashine, nikawapigia wenye jengo, nikawaeleza yote, yeye kasimama pale pale. Kaniambia nikusanye vitu vyangu. Sunita akachukua mkoba wake: "Basi na mimi." Ningeweza kuvunja kitu.

Jumanne, 21 Januari
Katuita turudi. Wenye jengo hawataki ukurasa ambao Sunita hajausoma. Nimeweka ile alama. Asubuhi moja tu, kurasa zimejaa maneno mageni. Yote hayo tulikuwa tukiyatunga! Bwana Salim hajaomba radhi. Simsamehe.

Alhamisi, 23 Januari
Hospitali, mimi na Sunita. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia limepona. Ramesh ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nilimwambia mashine iliyoandika karatasi ile naitunza mimi, Sunita akamfasiria. Akauliza kama karatasi nyingine zimeondolewa. Zimeondolewa, nikasema. Akaitikia kwa kichwa.
Tulikuwa tumekaa upande wake wa kushoto. Akaomba tuhamie upande wa pili, atuone. Tukanyanyua viti, tukahama.