Kitambaa cha Kitanda cha Tisa

Kaka yangu,

Sisi wazima, goti langu tu ndilo linalonisumbua. Hospitali yetu ya zamani sasa ni makumbusho. Wodi ya wanaume ni ukumbi wa maigizo, na kwenye chumba cha maiti watu wanakula keki bila wasiwasi. Mimi, muuguzi mstaafu, nimeajiriwa kutembeza wageni nikiwa na sare ileile, ingawa siku hizi inanibana.

Wodi ya wanawake wameiacha na vitanda vyake. Unakumbuka kile kitambaa cha bendeji tulichofunga miguuni pa kitanda, ili wauguzi wajue huyu hatapona, asipewe dawa tena? Kimoja kimebaki, kitanda cha tisa. Mkuu wa makumbusho amekiwekea kibao: “Wauguzi walipamba vitanda kuwafariji wagonjwa.” Wageni wanakipiga picha.

Nikamwambia, “Mwanangu, hilo si pambo.”

Akacheka. “Mama, tuachie sisi, wewe tembeza watu.”

Nimesikia daktari atakayekuja kukata utepe wa ufunguzi rasmi ni wewe. Karibu sana, mkasi umeshanunuliwa. Ila kwanza pitia kitanda cha tisa. Ulipofunga kitambaa kile, mama yetu alikuwa bado ananiuliza dawa yake ya jioni. Nikamdanganya kwamba imechelewa stoo. Aliisubiri siku mbili.

Nimejaribu kukifungua, mikono imekataa. Ulikifunga mwenyewe, njoo ukifungue mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyekutii.