Siku Samaki Wako Walipokosa Chakula

Mwende mwanangu,

Bahasha ya barua hii sijaifunga. Shangazi yako Ndinda ataisoma kwanza, kisha akusomee, maana daktari amesema bado unachoka haraka. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikifungua mdomo mbele yako naharibu.

Unaikumbuka ile shoo ya kilimo pale Jamhuri Park, ulipokuwa na miaka sita? Nilikuachilia mkono ninunue mahindi ya kuchoma, kugeuka, hukuwepo. Nilikimbia banda hadi banda nikiita jina lako, watu wakinishangaa. Nikakukuta kwenye banda la samaki, pua umeibandika kwenye kioo. Ukaniambia, "Baba, wanalala macho wazi." Nilitaka kukuchapa, nilitaka kukukumbatia, nikashindwa yote mawili. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuogopa kukupoteza, na mimi nikiogopa huwa nasema vibaya.

Ulipoacha kazi ya benki ukaanza kufungia watu matangi ya samaki huko Muthangari na Lavington, nilikuambia, "Hiyo si kazi, ni mchezo. Mama yako angekuwa hai angeona aibu." Mama alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Ulichukua begi moja, ukabadilisha laini ya simu, tangi lako ukaliacha sebuleni.

Samaki hukuwaacha, lakini. Kile kisanduku cheusi ulichokifunga kando ya tangi, kinachoendesha taa, joto la maji na kile chombo cha chakula, uliendelea kukiongoza kwa simu yako kutoka huko ulikokuwa. Asubuhi kama saa moja, na jioni kama saa kumi na mbili, chombo kinazunguka, krrr, chakula kinaanguka majini. Ungeweza kukipanga kijiendeshe chenyewe, ulishawahi kunionyesha. Hukukipanga. Siku nyingine ulichelewa dakika ishirini, nami nimesimama pale, kikombe kinapoa mkononi. Kikizunguka nasema, "Asante Mungu, ameamka." Miezi minane niliishi hivyo, na sikumwambia mtu.

Kisha Jumamosi moja nikaenda Machakos kumzika binamu yangu. Nilirudi Jumatano mchana. Samaki walikimbilia kidole changu kwenye kioo, nikadhani wamenikumbuka. Alasiri akaja fundi wa intaneti kubadilisha ruta, ile ya zamani ilikuwa imechoka. Jioni ikafika saa kumi na mbili, ikapita. Saa moja. Chombo kimya. Kitaa cha kisanduku kilikuwa kinawaka chekundu, kinazima, kinawaka tena.

Asubuhi nilimpigia yule fundi. "Mzee, bonyeza kitufe ya nyuma sekunde kumi, itaanza upya," akasema, akakata. Kidole nilikiweka pale, Mwende. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni vile ulivyozoea kunikemea, "Baba, usiguse kitu usichokijua." Nilivaa koti nikaenda Hurlingham kwa Wambui, yule mama uliyekuwa ukinunua pampu kwake.

"Ulibonyeza?" ndilo jambo la kwanza aliloniuliza.

"Bado."

"Shukuru Mungu. Ukireset hiyo kitu inasahau kila mtu. Hata Mwende. Simu yake haitaingia tena."

Nilikalia gunia la changarawe. Wambui alifunga duka akaja nami mpaka nyumbani Jamhuri.

Alinieleza pole pole kwamba kisanduku kinajua jina na neno la siri la ruta ya zamani tu, ndiyo maana kinatafuta na hakipati. "Boksi hatuigusi. Tutafanya ruta mpya ijiite jina ya ile ya kwanza. Password ya zamani unaijua?" Sikuijua. Ni wewe uliyeiandika kwenye simu yangu. Akaitafuta humo humo kwenye simu, akaipata, akaisoma mara mbili.

"Ni nini?"

"Mzee... imeandikwa *babahasikii*."

Alitazama sakafu. Miaka mitatu simu yangu ilikuwa ikiingia nyumbani kwangu kwa maneno hayo. "Andika hivyo hivyo," nikamwambia.

Kitaa bado kilikuwa chekundu. Wambui akagundua kwamba ruta mpya inatoa mawimbi ya aina mbili kwa jina moja, na kisanduku chako cha zamani kinaelewa aina moja tu. Akayatenganisha, na kitaa kikageuka kijani. Hata hivyo simu yangu ilisema haikioni, kwa sababu ruta mpya ilikuwa imekipa anwani nyingine. Akafungua orodha ya vitu vyote vilivyounganishwa nyumbani: simu yangu, televisheni, halafu kimoja kisicho na jina. Akaibonyeza anwani yake kwenye laptopu aliyokuja nayo. Ukurasa wa tangi ukafunguka: joto la maji, taa, na orodha ya kila mlo na saa yake.

Nilifurahi kama mjinga. "Ni ruta tu iliyomzuia! Jioni ataingia."

Wambui hakufurahi. "Mzee, ruta ilibadilishwa lini?"

"Jana. Jumatano."

"Hapa mara ya mwisho alilisha ni Jumapili asubuhi."

Jumapili jioni hukuwepo. Jumatatu hukuwepo. Ruta ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi siku zote hizo, na wewe hukuwepo.

Nilienda moja kwa moja Muthangari kwa shangazi yako. Hatukuwa tumesalimiana tangu uondoke. Nilijua anajua uliko, nikaona kumuuliza ni kujishusha. Alifungua mlango akaona uso wangu. "Kaka, nimempigia tangu Jumatatu. Simu imezimwa." Alikuwa na nambari ya jirani yako. Akapiga, mimi nimeshika ukingo wa meza. Nikaisikia sauti ya yule mwanamke: "Kwani hamjui? Tulimpeleka hospitali Jumapili jioni. Kifua. Alikuwa hawezi kupumua." Akataja hospitali. Ni mwendo wa kutembea tu kutoka duka la Wambui. Asubuhi ile nimekaa kwenye gunia kwake, ulikuwa umelala pale na mashine ikikupumulia, na hakuna mtu wa kwenu aliyejua.

Ni siku tano sasa nakuja. Nasimama mlangoni ukiwa usingizini, nahesabu pumzi zako. Juzi uliamka ukageuza kichwa, nikakimbia mpaka kwenye ngazi. Mwanamume mzima. Niliogopa nimonia isikuchukue. Sasa madaktari wanasema hatari imepita, nami naogopa zaidi, kwa sababu sasa unaweza kuniambia niondoke.

Yule samaki wako mweusi alikufa Ijumaa. Nilimlisha kwa mkono, labda nilizidisha. Sitaki ulisikie hilo kwa mtu mwingine. Wengine wazima.

Na lile neno nililosema juu ya mama yako halikuwa kweli. Mama yako ndiye aliyenisihi nikununulie tangi la kwanza. Nilikuficha hilo ili nionekane mimi ndiye niliyelifikiria.

Niko kwenye benchi nje ya wodi, nangoja uniruhusu kuingia. Ukisema hapana, shangazi atatoka aniambie, nami nitarudi nyumbani bila kununa. Ukisema ndiyo, mwambie auache mlango wazi kabisa. Nikilazimika kubisha, najijua, nitaogopa tena.

Baba yako